Aliyekwama Njiani ni Mgeni Wetu

Tunapotaja utamaduni wa taifa, wengi wetu hufikiria ngoma, vinyago, mavazi na hadithi za mababu. Tangu serikali ilipounda wizara ya kwanza ya utamaduni mwaka 1962, mambo hayo yamepewa nafasi katika shule na maonyesho yetu, na ni haki yapewe. Lakini utamaduni wa watu haukai jukwaani peke yake. Umo pia katika yale wanayoyatenda bila kuamrishwa, hasa mahali ambapo hakuna anayewatazama na hakuna atakayewalipa. Katika makala haya tutazungumzia mahali pamoja pa namna hiyo: kando ya barabara kuu, penye gari kuukuu lililoharibika, ambapo mtu asiyejulikana na yeyote anangoja kuona kama mwenzake atasimama au atapita.

Tueleze msimamo wetu tangu mwanzo. Kumsaidia aliyekwama njiani si hisani ya mtu mwenye moyo mwema. Ni wajibu wenye kanuni zake, nao unamfunga anayepita na aliyekwama vilevile. Wajibu huu unabomolewa leo na watu wa namna tatu: anayeuza msaada kwa bei ya dhiki, anayepita kwa kisingizio cha hofu, na wa tatu, ambaye kwa kawaida hatajwi, ni mwenye gari aliyeugeuza wema wa wenzake kuwa karakana yake. Sisi wenyewe tuliwahi kuwa katika kundi hilo la tatu, na kwa sababu hiyo tutaanza na aibu yetu kabla ya kugusa ya wengine.

Ilikuwa katika mlima wa Kitonga, mkoani Iringa. Wasafiri wa njia ya Morogoro na Iringa wanaujua vizuri. Ukishapita Ruaha Mbuyuni, barabara huanza kupanda ikijipinda ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili bonde. Malori yaendayo Tunduma hupanda hapo kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Gari letu lilikuwa Toyota Hiace ya dizeli, lililochoka kwanza huko Japani kabla ya kuletwa kuchoshwa zaidi na sisi. Tulijua kwamba mpira mmoja wa kupitishia maji ya rejeta ulikuwa umeanza kufanya ufa. Fundi alikuwa ametuonyesha kwa kidole, nasi tukamjibu kwamba utafika. Hatukuwa na maji ya akiba, wala ukanda wa kufungia, wala pembetatu ya kuonya.

Katika kona ya tatu mvuke ulifumka kutoka chini ya viti vya mbele, injini ikazima, na gari likaanza kurudi nyuma kidogo kidogo kwa sababu breki ya mkono nayo ilikuwa ya jina tu. Tuliruka tukaokota mawe na kuyaegemeza nyuma ya magurudumu.

Lori la kwanza lililotufikia lilisimama. Utingo wake alishuka na panga, akakata matawi mabichi, akayalaza barabarani chini ya kona na juu ya kona, ili kila ajaye ajue kuna gari limekwama mbele. Hakuuliza sisi ni akina nani wala tunatoka wapi. Dereva, mzee mwenye mvi, alimzuia kijana wetu aliyekuwa anataka kufungua mfuniko wa rejeta. "Acha ipoe," alisema. "Mvuke huo utamchubua mtu uso." Tulingoja. Baadaye alikata ukanda mrefu wa mpira wa tyubu, akauzungusha penye ufa akiuvuta kwa nguvu kila mzunguko, akaufunga kwa waya. Kisha akatupa dumu lake la maji na kutuelekeza tujaze polepole, injini ikiwa inaunguruma, kwa kuwa maji baridi yakimwagwa kwa pupa katika injini yenye moto huweza kuipasua. Tulipompa fedha alizirudisha mikononi mwetu.

Gari lilipowaka, abiria walishangilia, tukapanda wote na kuondoka. Hatukufika hatua ishirini utingo akawa anapiga ubavu wa gari kwa kofi. Mzee alikuwa amesimama katikati ya barabara.

"Wanangu," aliuliza, "mawe hayo mmemwachia nani?"

Tuligeuka. Mawe matatu yalikuwa juu ya lami, pale pale tulipoyaweka.

"Utusamehe, mzee. Tumesahau."

"Usiku hakuna atakayejua kwamba mlisahau. Yatoeni, na matawi myatoe. Safari nyingine bebeni maji yenu."

Kisa hiki ni kidogo. Hakuna aliyeumia, na tulifika Iringa jioni ile. Lakini yule mzee alitufundisha jambo ambalo hatukulipata katika kitabu. Tulidhani kwamba msaada ulikwisha injini ilipowaka. Yeye alijua kwamba msaada una sehemu mbili, na kwamba sehemu ya pili ilikuwa yetu. Laiti tungaliyaacha mawe yale, ukarimu wake mwenyewe ungalizaa kifo cha mtu mwingine asiyejulikana naye wala nasi.

Wapo watakaosema kwamba hii ni tabia nzuri ya mzee mmoja, na kwamba kuiita utamaduni ni kukuza mambo. Tunawakatalia. Swali la nani atamsaidia mtu aliye mbali na nduguze halikuletwa nchini na magari. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi ilitembea kutoka Unyamwezi hadi pwani ya Bagamoyo na kurudi, safari iliyochukua miezi na si siku. Mpagazi aliyeugua njiani alikuwa katikati ya watu wasio wa ukoo wake wala lugha ya mama yake. Ni katika mapito hayo ambapo utani ulipanuka baina ya makabila. Mnyamwezi na Mzaramo wakawa watani. Leo tunaukumbuka utani kwa mizaha yake tu, jinsi mtani alivyoweza kukejeli, kudai na kuchukua bila kukasirikiwa. Tunasahau nusu ya pili: mtani alikuwa na wajibu wa kumuuguza mtani wake na, akifa, kumzika. Wahenga hawakuliachia jambo hilo huruma ya mtu binafsi, maana huruma huja na kuondoka. Waliliwekea desturi yenye haki na wajibu kwa pande zote mbili.

Desturi hiyo ilibadili mavazi tu magari yalipokuja. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa Wazungu wachache mwezi Novemba 1965, Zambia ililazimika kutafuta njia nyingine ya kupata mafuta yake, na sehemu yake ilibebwa na malori kutoka Dar es Salaam kupitia barabara ya vumbi na matope, iliyokuwa mbaya kiasi cha kuitwa kwa Kiingereza jina lenye maana ya njia ya jehanamu. Katika barabara ya namna hiyo hapakuwa na nafasi ya kujadili wema. Lori lililokwama katika tope lilikuwa limewakwamisha wote waliokuwa nyuma yake. Aliyekataa kusukuma alikataa kufika. Utu na manufaa vilivuta kamba moja.

Kisha ikaja lami, nasi tunaishukuru. Lakini tuangalie ilichokibadili. Lami imetupa uwezo wa kupita. Gari lililoharibika husogezwa kando, na anayekuja nyuma ana njia pana mbele yake. Ule ulazima uliotufanya tushuke na kusukuma umeondoka, na kilichobaki ni hiari. Hapa ndipo utamaduni unapopimwa. Mtu anayesaidia kwa sababu njia imeziba hajatuonyesha bado yeye ni nani. Tutamjua siku njia iko wazi.

Sasa tuwatazame hao wanaobomoa, mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza ni yule anayeuza msaada kwa bei ya dhiki. Akiulizwa hujitetea kwa methali: mkono mtupu haulambwi. Tusimwonee. Fundi anayetembea saa nzima na mfuko wa spana, akalala chini ya gari na kuchafuka, anastahili ujira kamili, na anayemnyima kwa jina la undugu ni mnyonyaji. Vijana wa kijijini wanaoacha jembe ili kuvuta gari kutoka mtaroni, nao wana haki ya kupewa chochote. Ujira ni jambo la heshima. Tunachokilaani ni kitu kingine. Jua limetua, mama ana mtoto mgonjwa ndani ya gari, pori liko pande zote, na bei ya kusukuma inapanda kadiri giza linavyozidi kuingia. Hapo kinachouzwa si nguvu ya mikono. Kinachouzwa ni woga wa mama yule. Kipimo chetu ni rahisi, na hata mtoto anaweza kukitumia: je, bei hiyo angeitaja mchana, mbele ya watu wa kijiji chake? Kama angeona haya kuitaja, basi ameshajihukumu mwenyewe.

Wa pili ni yule anayepita. Yeye husema kwamba dunia imeharibika, kwamba majambazi hujifanya wameharibikiwa na gari ili wawapore wanaosimama. Hatusemi kwamba anasema uongo. Kwa miaka mingi mabasi ya Kagera na Kigoma yalipita katika mapori yakisindikizwa na askari wenye silaha, na waliosafiri siku hizo hawakuhitaji kuhubiriwa juu ya hatari. Mwenye kubeba abiria ana dhamana ya roho zao na hawezi kuzitoa rehani kila anapoona tawi barabarani. Lakini baina ya kusimama ovyo na kupita kama kipofu kuna mambo mengi anayoweza kuyafanya mtu mwenye hadhari. Anaweza kupunguza mwendo na kutazama. Anaweza kuuliza kupitia dirishani bila kuzima injini. Anaweza, na hili halina hatari yoyote, kufikisha habari: kusimama katika kijiji kinachofuata, au penye kituo cha polisi, au penye mizani, na kusema kwamba mahali fulani pana watu wamekwama. Anayepita bila kufanya hata hilo, tena akaongeza mwendo na kutazama upande mwingine, asitwambie habari za majambazi. Anakimbia usumbufu, naye anauvika nguo ya hofu. Wahenga walimjua mtu huyu waliposema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mwenzake wa karibu ni yule anayesema kwamba siku hizi kila mtu ana simu, kwa hiyo aliyekwama na awapigie watu wake. Hoja hii inapendwa sana mijini. Lakini simu huwaita watu tunaowajua, na watu tunaowajua wako mbali, ndiyo maana tunasafiri. Ndugu aliye Dar es Salaam hawezi kusukuma gari lililo Kitonga. Simu haijazi rejeta, na katika baadhi ya mapori yetu hata mtandao haupatikani. Mbaya zaidi, simu imezaa namna mpya ya msafiri: anasimama kweli, anashuka kweli, lakini anashuka ili apige picha. Mikono miwili iliyoumbwa kusukuma inashughulika na kuonyesha watu wengine jinsi mwenzao alivyoaibika. Kwetu sisi, mtu huyo ameshapita, ijapokuwa miguu yake imesimama.

Wa tatu ni mwenye gari mwenyewe. Hapa ndipo wengi wa watetezi wa ukarimu hunyamaza, maana kumlaumu aliye katika dhiki huonekana ukatili. Sisi hatutanyamaza. Katika kijitabu chake juu ya ujamaa cha mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alitukumbusha methali inayomtaka mgeni ahudumiwe siku mbili na siku ya tatu apewe jembe. Methali ile haipunguzi ukarimu, inaulinda. Mahali ambapo mgeni hapewi jembe, wenyeji huchoka, na wakichoka hufunga mlango hata kwa mgeni wa siku ya kwanza. Aliyekwama njiani ni mgeni wa kila anayepita. Ana haki ya siku zake mbili. Lakini mtu anayeondoka nyumbani wiki baada ya wiki bila jeki, bila tairi la akiba lenye upepo, bila dumu la maji, akijua kwamba mkanda wa feni umechakaa na mafuta hayatoshi, huyo hajapatwa na ajali. Amepanga safari yake juu ya migongo ya wengine. Anastahili kusaidiwa kwa ajili ya abiria wake, na akishasaidiwa anastahili kupewa jembe, kama yule mzee alivyotupa sisi letu: safari nyingine bebeni maji yenu.

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatuungani na wale wanaotaka magari yote makuukuu yafukuzwe barabarani. Jirani zetu wa Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Kwetu huruhusiwa, lakini hutozwa ushuru wa nyongeza. Hayo ni mambo ya sera, na watu wema wanaweza kutofautiana. Lakini tukumbuke ni nani anayepanda mikweche hii. Ni mwalimu anayerudi kituoni kwake baada ya kufuata mshahara mjini, ni mama mwenye matenga ya nyanya, ni mwanafunzi na sanduku lake la bati anayekwenda shule ambako basi kubwa halifiki. Baada ya vita vya Kagera vya miaka 1978 na 1979, vipuri vilipoadimika, nchi hii iliendelea kutembea kwa akili za mafundi waliochonga na kuunga vyuma kwa mikono yao. Ukuukuu si kosa, uzembe ndio kosa. Gari la miaka mingi linalotazamwa kila asubuhi na mwenyewe ni salama kuliko gari jipya la mtu asiyejua hata mahali pa kupimia oili.

Yawezekana msomaji akajiuliza kama mambo haya yanastahili ukali wote huu. Tumkumbushe siku mbili. Tarehe 6 Mei 2017, basi dogo lililobeba wanafunzi wa shule ya msingi kutoka Arusha lilitumbukia korongoni karibu na Karatu. Wanafunzi zaidi ya 30 walikufa pamoja na walimu wao wawili na dereva. Watoto 3 walitolewa wakiwa hai, na miongoni mwa waliowahudumia pale korongoni walikuwa Wamarekani waliokuwa wakipita njia hiyo katika safari yao wenyewe. Watoto hao walipelekwa Marekani kutibiwa, nao wakarudi nyumbani wakiwa hai. Wapita njia wale hawakuwa ndugu wa mtu yeyote aliyekuwa katika basi lile. Walisimama.

Siku ya pili ni tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Umati ulikimbilia pale, wengi wakiwa na madumu ya kuchotea petroli iliyokuwa ikimwagika. Lori lililipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Hatuwahukumu marehemu wale. Umaskini una sauti kubwa, na pengine walikuwapo waliokwenda kuokoa. Lakini walio hai wana haki ya kuulizwa: tangu lini gari lililoanguka likawa shamba la kuvuna? Mahali ambapo desturi ya kuuliza kwanza "nani ameumia?" ina nguvu, watu huondolewa mbali na petroli, barabara huzuiliwa pande zote, na zimamoto huitwa. Mahali ambapo desturi hiyo imelegea, kila mtu huona dumu lake tu. Ndiyo maana tunasema kwamba jambo hili si adabu ya safarini. Ni jambo la kufa na kupona.

Wengine watatuambia kwamba dawa ni sheria. Sheria ya Usalama Barabarani tunayo tangu mwaka 1973, na tunaiheshimu. Askari anaweza kumtoza faini dereva asiye na pembetatu, naye afanye hivyo bila kupokea chochote mkononi. Lakini hakuna askari atakayekuwapo katika kila kona saa nane za usiku ili amwambie dereva wa lori asimame, wala atakayehesabu mawe yaliyobaki barabarani. Sheria huanzia pale desturi iliposhindwa, na haiwezi kushika nafasi yake yote.

Basi kazi inarudi shuleni. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule zilitakiwa zisimtenge kijana na maisha ya watu wake. Barabara ni sehemu ya maisha hayo. Tunawaomba walimu wa historia wawatume wanafunzi kwa wazee, wakaulize jinsi msafiri alivyopokewa zamani, watani wa kabila lao walikuwa akina nani na walidaiana nini. Walimu wa fizikia waeleze kwa nini rejeta yenye moto haifunguliwi, na kwa nini jeki huinua kile ambacho watu kumi hawawezi. Kila kijana anayemaliza shule, wa kike na wa kiume, aweze kubadilisha tairi. Si lazima awe dereva. Inatosha kwamba ipo siku atakuwa mpita njia.

Na wafundishwe kanuni, maana wajibu usio na kanuni hugeuka kuwa maneno ya hutuba. Aliyekwama huonya kwanza wanaokuja, kwa pembetatu, au kwa matawi asipokuwa nayo, kisha ndipo hutazama injini. Anayepita hupunguza mwendo na kuuliza. Asiyejua kutengeneza hasogezi mkono wake penye injini, lakini anaweza kuleta maji, kusukuma, kukaa na watoto kivulini, au kufikisha habari. Ujira, kama upo, hutajwa kabla ya kazi. Vitu vya aliyeanguka haviguswi, isipokuwa kwa kumtunzia. Gari likiwaka, mawe na matawi huondolewa kabla ya mtu yeyote kupanda. Na deni la njiani halilipwi kwa yule aliyesaidia, ambaye pengine hataonekana tena. Hulipwa kwa mwingine, katika barabara nyingine.

Sisi tulimpoteza yule mzee wa lori siku ile ile. Hata jina lake hatukuliuliza. Tangu wakati ule tunabeba madumu mawili ya maji, moja letu na moja la yule tutakayemkuta. Hatulisemi hili ili tusifiwe, kwa kuwa tulikumbushwa kwa kofi ubavuni mwa gari kabla ya kujifunza. Tunalisema kwa sababu mwanafunzi anayesoma makala haya atasafiri mwisho wa muhula, pengine katika gari kuukuu kuliko lile letu. Likiharibika, asikae dirishani akilalamika. Ashuke, akate tawi. Na likiwaka, kabla hajakimbilia kiti chake, ageuke atazame lami: je, jiwe limebaki?